Mapromota wa opera: waliokopa ili wengine waimbe

Najua nimekuwa kimya. Wiki za testi mnazijua wenyewe, mtu unaishi kwa chai na fotokopi. Leo nimeweka makabrasha pembeni niwaandikie kitu ambacho hakimo kwenye silabasi ya mtu yeyote hapa chuoni: maisha ya mapromota wa opera wa Uingereza na Marekani.

Msicheke kwanza. Najua wengi wenu mkisikia opera mnawaza mama mnene mwenye sauti ya kupasua glasi. Lakini hii ni habari ya pesa, na wengine humu ndani mnasema kila siku kwamba mkimaliza digrii mtaingia kwenye biashara ya muziki. Basi someni.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao karibu kila neno linaimbwa, huku okestra nzima ikipiga chini mbele ya jukwaa. Chukua kwaya, maigizo na bendi kubwa, vitie kwenye gunia moja, hiyo ndiyo opera. Ndiyo maana ni ghali. Usiku mmoja unalipa waimbaji wakubwa, kwaya, okestra, mafundi, washonaji wa mavazi, taa na kodi ya jumba. Upande wa pili viti havizaliani. Jumba likijaa limejaa. Kwa hiyo hata siku ambayo watu wamefurika mlangoni, promota anaweza kulala na hasara.

Siku hizi tumezoea kusikia kwamba huko kwa wenzetu serikali inachangia sanaa. Uingereza hilo lilikuja kukaa sawasawa baada ya Vita Kuu ya Pili, Baraza la Sanaa lilipoundwa mwaka 1946. Marekani mfuko wa taifa wa sanaa ulianza 1965. Kabla ya hapo alikuwepo mtu mmoja tu, promota. Anakodi jumba, anasaini mikataba na waimbaji, anauza tiketi za msimu mzima kabla pazia halijafunguliwa, halafu anatumia pesa hizo kulipa madeni ya msimu uliopita. Mnaona mchezo ulivyo? Ni kama kukopa kwa Juma umlipe Hamisi, ila huyu anakopa kwa matajiri wa London ili amlipe mama anayeimba sauti ya kwanza.

Nianze na James Henry Mapleson, aliyezaliwa 1830. Huyu alisoma muziki, akapiga fidla, akajaribu hata kuimba, mwisho akaona riziki yake iko nyuma ya pazia. Watu walimwita Kanali, kwa cheo alichopata kwenye kikosi cha kujitolea, na jina likamganda. Mwaka 1861 aliwaletea watu wa London opera ya Verdi iitwayo Un ballo in maschera kwa mara ya kwanza. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia. Mwaka 1863 akawaletea Faust ya Gounod, na mwaka 1878 akaipeleka Carmen London na kisha New York. Kwa hiyo zile nyimbo za Carmen ambazo mmezisikia hata kwenye matangazo ya biashara, huyu bwana ni mmoja wa waliozivusha bahari.

Sasa angalia maisha yake. Mwezi Desemba 1867 jumba alilokuwa akilitumia London, Her Majesty's, liliungua moto. Hakukata tamaa. Mwaka 1875 akaanza kujenga jumba la opera la taifa kando ya mto Thames, kubwa kuliko yote. Kuchimba msingi peke yake kulimeza pesa, maana palikuwa kando ya mto, pamejaa maji na tope. Kuta zikapanda, pesa zikaisha, ujenzi ukasimama. Mnajua kiwanja kile kiliishia wapi? Kwa polisi. Makao makuu mapya ya polisi wa London, New Scotland Yard, yalijengwa hapo na kufunguliwa 1890. Mtu alitaka kujenga nyumba ya waimbaji, kikasimama kituo cha polisi. Hapo nilicheka, halafu nikasikia huruma.

Kuanzia 1878 Kanali alikuwa akivuka Atlantiki na kundi lake kwenda kuimba kwenye jumba la Academy of Music, New York. Nyota wake mkubwa alikuwa Adelina Patti, mwanamke aliyelipwa dola 5,000 kwa usiku mmoja, na alizitaka mkononi kabla ya kuimba. Mapleson mwenyewe amesimulia katika kumbukumbu zake za 1888 jinsi alivyokwama siku moja. Malipo yalikuwa pauni 1,000, yeye alikuwa na 800 tu. Akaletewa habari kwamba mama ameshavaa mavazi yote ya jukwaani isipokuwa viatu. Watu wakaanza kuingia, pesa za mlangoni zikakusanywa haraka haraka zikapelekwa, akavaa kiatu kimoja. Zikapelekwa zilizobaki, akavaa cha pili, akatoka kwenda kuimba. Huenda mzee ametia chumvi, maana mapromota ndio walivyo. Lakini utaratibu wa malipo ya mapema ulikuwa wa kweli, na sioni ubaya kwa Patti. Waimbaji wangapi waliachwa kwenye mataa na promota aliyefilisika? Yeye alikuwa ameshaelewa somo.

Kilichommaliza Kanali ni matajiri wapya. Academy of Music ilikuwa na vyumba vichache vya kukaa wakubwa, vile vya pembeni ambamo familia inakaa peke yake ikiangalia na kuangaliwa. Familia za zamani za New York zilivishikilia kama urithi wa ukoo. Matajiri wa reli na benki, akina Vanderbilt, walikuwa na pesa kuliko hao wazee lakini chumba hawapati. Wakafanya nini? Wakajenga jumba lao. Hiyo ndiyo Metropolitan Opera, iliyofunguliwa tarehe 22 Oktoba 1883 kwa Faust ile ile. Yaani moja ya nyumba kubwa kabisa za muziki duniani ilizaliwa kwa sababu watu walinyimwa viti.

Vita ikaanza. Promota wa Metropolitan, Henry Abbey, alitumia pesa kama maji na msimu wake wa kwanza ulimpa hasara kubwa mno hadi akaondoka. Lakini wenye jumba walikuwa na mfuko usio na kitako, wakatafuta njia nyingine mwaka uliofuata. Mapleson hakuwa na mfuko. Kufika 1886 alikuwa ameshindwa, na alikiri kwamba hawezi kupigana na Wall Street. Mwaka 1896 alirudi New York kujaribu tena, kundi likavunjika Boston. Alifariki London mwaka 1901, hana kitu.

Sasa huyu wa pili ndiye ninayempenda zaidi. Anaitwa Oscar Hammerstein. Wale waliowahi kuangalia filamu ya The Sound of Music kwenye video za nyumbani au shuleni, jina hilo mmeliona mwanzoni. Yule ni mjukuu, Oscar Hammerstein wa pili, aliyeandika maneno ya nyimbo. Mimi namzungumzia babu mtu.

Babu alizaliwa Stettin, wakati huo ikiwa Prussia, leo ni Szczecin nchini Poland. Akiwa kijana alitoroka nyumbani, akafika New York miaka ya 1860 akaajiriwa kwenye kiwanda cha sigara. Kumbe kichwa chake kilikuwa kinachemka. Akabuni mashine za kutengenezea sigara, akazisajili, na mwaka 1874 akaanzisha gazeti la wafanyabiashara wa tumbaku. Pesa ikaingia. Mtu mwingine angenunua nyumba akatulia. Yeye akaanza kujenga majumba ya maonyesho. Harlem Opera House mwaka 1889, halafu jingine mwaka 1890, kisha mwaka 1895 akajenga Olympia kwenye eneo ambalo leo tunaliita Times Square. Wakati ule hapakuwa mahali pa starehe kabisa, palikuwa mahali pa biashara ya farasi na magari ya farasi. Miaka mitatu baadaye, 1898, Olympia ikachukuliwa na wadai. Kafulia kabisa. Lakini 1899 akasimamisha jumba jingine karibu na hapo, Victoria, kwa vijisenti vya kuunga unga na vifaa vya mitumba. Victoria ikawa dhahabu. Mwanawe William aliiendesha kwa vichekesho, sarakasi na vituko vya kila aina, na pesa za vituko hivyo ndizo mzee alizozimwaga kwenye opera.

Tarehe 3 Desemba 1906 akafungua Manhattan Opera House, mtaa wa 34, kushindana uso kwa uso na Metropolitan. Bila kamati wala wanahisa matajiri. Mzee mmoja mwenye kofia ndefu na sigara mdomoni, amekaa kwenye kiti cha kawaida pembeni ya jukwaa anaangalia kila kitu. Inasimuliwa kwamba Nellie Melba, mwimbaji mkubwa kutoka Australia, alipomkatalia mkataba kule Paris, mzee alimwaga noti za maelfu ya faranga kwenye sakafu ya nyumba yake akaondoka. Melba akaenda kuimba New York.

Na hakuwa anarudia ya wengine tu. Metropolitan ilikuwa imeonyesha Salome ya Richard Strauss usiku mmoja, Januari 1907, wakubwa wakashtuka kuona binti anacheza dansi na kubusu kichwa kilichokatwa, ikapigwa marufuku. Hammerstein akaionyesha mwaka 1909, Mary Garden akiimba na kucheza mwenyewe. Pelléas et Mélisande ya Debussy, Louise, Thaïs, Elektra, zote Wamarekani waliziona kwanza kwake. Misimu minne tu!

Tatizo ni kwamba hakujua kusimama. Mwaka 1908 akajenga jumba jingine kubwa Philadelphia. Hapo ndipo mzigo ulipomwelemea. Upande wa pili, Metropolitan nayo ilikuwa inavuja damu, maana kila mwimbaji sasa ana mabwana wawili wa kumgombania na bei zinapanda. Mwezi Aprili 1910 wakamalizana. Metropolitan ikamlipa dola milioni 1.2 ili asionyeshe tena opera kubwa New York, Boston, Philadelphia na Chicago kwa miaka kumi. Soma tena hiyo sentensi. Walimlipa ili anyamaze. Mwanawe Arthur ndiye aliyeongoza mazungumzo.

Ungekuwa wewe ungefanya nini na mshiko huo? Mzee alipanda meli akaenda London, akajenga London Opera House, akaifungua tarehe 13 Novemba 1911. Matajiri wa London walikuwa na Covent Garden yao, hawakuhama. Julai 1912 akafunga. Pesa zote za kunyamazishwa zikaishia kwenye matofali ya Kingsway. Akarudi New York, akajenga jumba jingine tena kabla mkataba haujaisha, Metropolitan ikampeleka mahakamani, mahakama ikamzuia. Mwaka 1914 mwanawe William, yule wa Victoria, akafariki, na muda si mrefu Victoria nayo ikaondoka. Mzee mwenyewe alifariki tarehe 1 Agosti 1919. Miaka yake kumi ilikuwa inakwisha 1920. Alibakiza miezi tu.

Wa tatu ni mtoto wa mshua. Thomas Beecham, aliyezaliwa 1879. Babu yake alitengeneza vidonge vya kulainisha tumbo, Beecham's Pills, vikauzwa kote Uingereza na nje, familia ikatajirika kupita kiasi. Kijana hakutaka vidonge, alitaka kuongoza okestra. Mwaka 1910, kwa pesa za baba, alikodi Covent Garden akaonyesha opera zaidi ya thelathini ndani ya mwaka mmoja. Nyingi zilikula hasara.

Kisa cha Salome kilimkuta na yeye. Ofisi ya serikali iliyokuwa ikipitisha michezo ya jukwaani ilikataa, ikataka maneno yabadilishwe na kichwa cha Yohana Mbatizaji kisionekane. Wakakubali, wakaandika maneno ya kitakatifu takatifu. Usiku wenyewe, Beecham alisimulia baadaye, waimbaji walisahau taratibu wakarudia maneno ya zamani. Yeye pale mbele anaongoza huku jasho linamtoka, anajua kesho ni soo. Wakubwa wa ofisi ile wakaja kumpongeza kwa jinsi alivyotimiza masharti. Ilikuwa inaimbwa kwa Kijerumani!

Mwaka 1914 baba yake, Joseph, aliingia mkataba wa kununua eneo zima la Covent Garden, soko na majumba yake, kwa pauni milioni 2. Vita ikalipuka, mikopo ikafungwa, na mwezi Oktoba 1916 mzee akafariki kabla mambo hayajakamilika. Mtoto akabaki na deni la mkataba huo. Wakati wa vita alikuwa na kundi lake likiimba opera kwa Kiingereza mikoani, bado anatoa pesa za mfukoni. Mwaka 1919 mahakama ikaweka mkono kwenye mali yake, na kuanzia 1920 akaacha muziki karibu miaka mitatu, akashinda ofisini akiuza mali ya familia kipande kipande mpaka madeni yakaisha. Waimbaji wake hawakusubiri. Mwaka 1922 wakaunda kampuni yao wenyewe wakaendelea.

Sasa nisiwafanye mdhani wote walikuwa wanatupa pesa kwa nyota na majumba. Carl Rosa, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1842, alianza na mkewe mwimbaji, Euphrosyne Parepa, mwaka 1873 kule Manchester. Wazo lao lilikuwa jepesi: imba kwa Kiingereza, zunguka mikoani, weka kiingilio ambacho mtu wa kawaida anakimudu. Kwa wakati ule London ya wakubwa ilisikiliza opera kwa Kiitaliano, hata ile iliyoandikwa kwa Kifaransa. Watu wa miji ya viwanda walikuwa wanaambiwa kimyakimya kwamba jambo hili si lao, kwa kuwafungia mlango wa lugha. Mke alifariki 1874 na Rosa mwenyewe 1889, lakini kundi lake lilidumu miongo mingi baada yake. Ndilo lililowaonyesha Waingereza La bohème kwa mara ya kwanza, Manchester, mwaka 1897, Puccini mwenyewe akiwepo. Sisi tunaobishana kila siku juu ya lugha ya kufundishia tunaielewa hoja hii bila kuelezwa.

Na yupo mama mmoja ambaye watu humsahau wakihesabu mapromota, Mary Cardwell Dawson. Alizaliwa 1894, mtoto wa Wamarekani weusi, akahitimu chuo cha muziki cha New England mwaka 1925. Elimu anayo, sauti anayo, jukwaa hakuna, kwa sababu ya rangi. Metropolitan haikuwa imempa mtu mweusi nafasi hata moja kubwa. Akafungua shule ya muziki Pittsburgh, na mwaka 1941 akaanzisha National Negro Opera Company. Onyesho la kwanza lilikuwa Aida ya Verdi, habari ya binti wa mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa na kufanywa mtumwa Misri. Kwa kawaida binti huyo aliimbwa na wanawake wazungu waliopakwa rangi. Safari hii Mhabeshi aliimbwa na mwanamke mweusi.

Dawson hakuwa na vidonge wala sigara. Alikuwa na wanafunzi, kwaya za makanisa, michango, na mume fundi umeme aliyemuunga mkono. Mwaka 1943 alionyesha La traviata Washington kwenye jukwaa la wazi la mtoni, mahali ambapo watu wa rangi zote waliweza kukaa pamoja. Mwaka 1956 kundi lake likaimba ndani ya jumba la Metropolitan lenyewe. Alipofariki 1962, kundi nalo likafa. Hakukuwa na mfuko wa kulibeba.

Wa mwisho ni John Christie, kwa sababu yeye ndiye aliyepona. Alikuwa mwalimu wa sayansi aliyerithi jumba na mashamba makubwa huko Glyndebourne, kusini mwa Uingereza. Akamwoa mwimbaji, Audrey Mildmay, akajenga ukumbi wa watu 300 hivi ubavuni mwa nyumba yake, akaufungua tarehe 28 Mei 1934 kwa Ndoa ya Figaro ya Mozart. Walioongoza kazi walikuwa Fritz Busch na Carl Ebert, waliokimbia Ujerumani ya Hitler, na Rudolf Bing akawa meneja. Christie naye alitoa hasara mfukoni, lakini hakukodi jumba la mtu, na mwaka 1954 shughuli ikawekewa mfuko wa wadhamini. Glyndebourne ipo mpaka leo, na ukumbi wake mpya ulifunguliwa 1994. Bing yeye alivuka bahari akaiongoza Metropolitan, na tarehe 7 Januari 1955 Marian Anderson akawa mwimbaji wa kwanza mweusi kupewa nafasi kubwa pale. Opera yenyewe? Un ballo in maschera, ile ya Kanali Mapleson ya 1861.

Nikijumlisha naona hivi. Wengi wao opera haikuwalisha kwa kiingilio peke yake muda mrefu. Wengi walikuwa na kisima pembeni: sigara na vichekesho, vidonge, mashamba, michango ya makanisa. Kisima kikikauka, wimbo unakatika. Mwenye kisima kirefu ndiye aliyeamua nani aimbe, kwa lugha gani, na nani akae wapi. Mapleson alishindwa na watu waliokuwa na pesa nyingi kuliko yeye, si na watu walioujua muziki kuliko yeye. Dawson alikuwa na kila kitu isipokuwa kisima.

Wapo watakaosema hao walikuwa wazembe wa hesabu. Sawa, Hammerstein hesabu hakuziweza. Lakini toa wazembe hao wote kwenye historia, uone kitakachobaki. Carmen inachelewa kuvuka bahari, Debussy hasikiki New York mapema vile, na binti wa Kihabeshi anaendelea kupakwa rangi. Watu makini wa hesabu walikuwepo miaka yote hiyo. Walikaa kwenye viti vizuri wakasikiliza.

Kwa hiyo wewe mshkaji unayepanga kuandaa tamasha lako la kwanza ukipata kazi, nenda, usiogope. Ila kabla hujachapisha tiketi jiulize kisima chako ni kipi na kina urefu gani. Na mwimbaji akidai chake kabla ya kupanda jukwaani, mlipe viatu vyote viwili.

Naomba kuwasilisha.